Karatasi Isiyo na Kichwa

Siku niliyoacha kazi nilitamka jina la mama mkwe wangu kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima. Halafu yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Zaituni, wewe umetoka Shinyanga mjini kama mimi, labda hili hulijui, kwa hiyo nakuambia kabla hujaaibika. Ukiolewa na Msukuma wa huku, jina la mkwe wako hulitamki. Niliambiwa siku ya kwanza nilipofika na sanduku langu kutoka Ngokolo. Miaka minane nimemwita Mayu, yaani mama. Hata kwenye kazi: nikiita mahudhurio nikafika kwake, nasema "namba fulani, yule wa nyumbani," watu wanacheka, tunaendelea. Mtendaji wetu ametoka mkoa mwingine. Sijui kama hakujua mila hiyo au aliijua vizuri mno.

Mayu alikuwa amesimama akiwasemea wanawake wenzake. Alikuwa ametoka kusema kwamba hakuna mkutano wowote waliokaa kukubali tugawanywe jimbo. Mtendaji akainua karatasi.

"Karani, simama uwasomee wananchi. Namba kumi na saba ni nani?"

"Yupo hapa ukumbini," nikasema.

"Sikukuuliza yuko wapi. Soma jina."

Nikasoma. Jina lake, la baba yake na la ukoo. Kuna mwanamke nyuma aliguna kama mtu aliyekanyagwa. Mabula, mwanangu, alikuwa mgongoni ananivuta kola. Mayu akaniangalia, hakumwangalia Mtendaji hata kidogo, akasema taratibu:

"Kama aliyesoma ni huyu mwanangu, basi ni kweli. Nimezeeka, nilisahau. Mnisamehe kwa kuwasumbua."

Akakaa chini, akajifunika kanga hadi kidevuni.

Mimi nilikuwa nimevumilia mengi kwenye ofisi ile, na mengi niliyatenda kwa mkono wangu. Lakini kumwona mama yule akiomba radhi kwa kusahau mkutano ambao haukuwahi kuwepo, na akiamini hivyo kwa sababu tu msomaji ni mimi, hapo nikafika mwisho. Niliweka kalamu juu ya daftari la muhtasari nikasema, "Mayu, hukusahau."

Yaliyofuata nitayafikia. Umeniomba makabidhiano, Zaituni, na Mtendaji amekuambia nimeondoka bila kukabidhi. Makabidhiano yangu ni haya. Funguo za kabati ziko kwenye kopo la chai. Vingine vyote nimeviandika hapa, kwako na kwa yeyote atakayekalia ile meza baada yako. Mnanitania kwamba nimestaafu na miaka thelathini na moja. Sawa. Mstaafu anaongea, msikilizeni.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipa kazi. Ofisi ya kata wakati huo ilikuwa vyumba viwili kando ya barabara iendayo Runzewe, na karani mkuu alikuwa Mama Kulwa, mwanamke mnene, mpole wa sura, mkali kama wembe. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa rula na karatasi kumi, akaniambia nipige mistari ya mahudhurio: namba, jina, kitongoji, sahihi au dole. Nikapiga. Akazichukua zote, akazichana.

"Shikamoo, Mama, nimekosea wapi?" Maskini mimi, nilichanganyikiwa hadi nikamwamkia mara ya pili.

"Marahaba tena. Hakuna kichwa. Mkutano wa nini? Wapi? Lini? Karatasi ya majina isiyo na kichwa, binti, ni ya yeyote atakayeiokota. Andika kichwa kwanza, ndipo umpe mtu kalamu."

Nilidhani ni ukali wa uzee. Nilipiga mistari upya, nikaandika vichwa, nikanuna hadi jioni.

Ni yeye aliyenifundisha kidau cha wino: usikilowanishe sana, dole litavimba kwenye karatasi liwe doa tu. Ushike mkono wa bibi kwa mikono yako miwili, umviringishe dole mara moja, usirudie. Umpe kitambaa ajifute kabla hajajifutia kwenye kilemba chake. Sisi hapa tulichukua dole gumba la kulia. Kama la kulia haliwezekani, uchukue la kushoto na uandike pembeni "kushoto", kwa mkono wako, ili siku akiulizwa mtu ijulikane. Mambo madogo. Nilikuja kujua baadaye kwamba kazi yetu yote ni mambo madogo, na makubwa yanapita humohumo.

Mwaka wa uandikishaji wa wapiga kura tulipelekwa Karashani. Mnapafahamu: kitongoji cha wachimbaji, mashine za kusaga mawe zinalia mchana kutwa, vumbi jeupe hadi kwenye kope za mbuzi. Huko nilikutana na kesi yangu ngumu ya kwanza. Kijana mmoja wa Kigoma aliweka vidole kwenye mashine ya alama, mashine ikakataa. Akaweka tena. Ikakataa. Wenzake kwenye foleni wakaanza.

"Huyo si mtu, dada, ni jini. Mfukuze!"

"Mwandike jina la nyundo yake, ndiyo inayomjua!"

Yeye mwenyewe akacheka, akaangalia viganja vyake vilivyolainika kwa mawe na maji ya kuchenjulia. "Dada, alama zangu zimebaki duarani, kule shimoni. Teremka ukazifuate."

Nilitaka kumwambia arudi kesho. Mama Kulwa akanisukuma kwa nyonga, akaomba maji ya uvuguvugu kwa mama ntilie, akamwosha yule kijana vidole kimoja kimoja kama anamwosha mtoto, akampaka mafuta kidogo, akafuta kwa kitambaa kikavu. Mara ya tatu mashine ikapokea. Wote wakapiga makofi. "Mtu anakuja kuhesabiwa," Mama Kulwa aliniambia tukirudi, "wewe unataka kumrudisha hajahesabiwa. Usirudie." Zaituni, chupa ya maji ya moto iko chini ya meza. Ni ya kazi hiyo, si ya chai.

Wachimbaji wale ndio waliokuwa ugonjwa wa vyama. Wakulima wa upande wetu, tunaouita Shambani, wanajulikana: fulani yuko chama hiki tangu babu yake, anaingia kanisani kwa mlango uleule na kukaa benchi lilelile. Lakini Karashani mtu yuko leo, kesho anasikia rashi ya dhahabu imetokea mahali, anabeba nyundo na godoro. Kwa hiyo kila chama kiliwahesabu kuwa ni wake. Nilishuhudia makatibu wa vyama wakigombana ofisini kwetu, Mzee Masele wa chama kimoja na Baraka wa kile kingine, huku mimi nikiandika barua ya mbwa wazururaji.

"Wale vijana ni wangu," alisema Mzee Masele.

"Wako? Waliokuzomea juzi mpaka ukapanda pikipiki kinyumenyume?"

"Walikuwa wanashangilia."

"Basi, mzee, Mungu akujalie washangiliaji hao siku ya kura."

Vyama vyenyewe sivitaji. Vyote viwili nilivihudumia, na vyote viwili vilikuja na peremende zilezile za kumpa karani.

Miaka hiyo ndipo lilipoanza jengo. Zahanati ya karibu ilikuwa Runzewe, na njia yetu mvua ikinyesha haina adabu. Wanawake wa Shambani wakaamua wajenge boma la zahanati wenyewe, serikali ije imalizie, kama inavyofanyika kila mahali. Kiwanja alikitoa mzee mmoja, na kiwanja chake kilikuwa ng'ambo ya njia ya ng'ombe, upande wa Karashani. Nani alijali? Njia ya ng'ombe ilikuwa ni njia ya ng'ombe.

Tulifanya msaragambo wiki baada ya wiki. Wanaume walipandisha kuta. Wanawake tuligonga kokoto: unakaa chini, unashika jiwe kwa mkono mmoja, unagonga kwa nyundo uliyoazima Karashani. Siku moja Mayu alijigonga dole gumba la kulia. Lilipasuka toka kwenye kucha hadi kwenye nyama. Akalifunga kwa kipande cha kanga, akaendelea na mkono mwingine, anaimba. Tulipomsihi aende nyumbani alisema, "Chumba cha kujifungulia bado hakijapata sakafu, mnataka nikalale?"

Siku hiyo karatasi zangu za mahudhurio ziliisha. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea. Nikachana kurasa za kaunta buku, nikapiga mistari juu ya goti, nikazipitisha. Kichwa sikuandika. Nilisema nitaandika jioni nikishaosha mikono. Mayu alipofika kwenye karatasi dole lake la kulia lilikuwa limefungwa, nikachukua la kushoto, nikaandika pembeni "kushoto". Namba kumi na saba. Jioni nilikuwa nimechoka. Karatasi nikaziweka kwenye faili, hivyohivyo, bila kichwa.

Mwaka uliofuata Mama Kulwa alistaafu akaenda kulima majaruba yake ya mpunga. Huyu Mtendaji wa sasa alikuwa tayari ameletwa.

Kisha likaja suala la kugawa jimbo. Jimbo letu lilikuwa refu kama mkia wa nyoka. Mbunge tulimwona kwenye kalenda. Maombi ya kuligawa yalitakiwa yapande na mihtasari ya mikutano ya vijiji, na kila muhtasari uwe na orodha ya waliohudhuria. Kwa mara ya kwanza nikiwa kazini, Mzee Masele na Baraka walikubaliana. Kila mmoja alijua jimbo jipya, lenye Karashani na vitongoji vingine vya mashimo, litakuwa lake. Mstari ungepita kwenye njia ya ng'ombe. Kata nayo ingekatwa hapohapo, Karashani iwe kata mpya. Walichora kwenye meza yangu kwa kalamu yangu nyekundu.

Mkutano wa kijiji chetu uliitishwa mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na msiba. Mara ya pili rashi ilitokea nyuma ya kilima, hata mwenyekiti akakimbia na koleo. Watu hawakukaa, si Shambani wala Karashani. Alasiri moja, faili likitakiwa wilayani asubuhi yake, Mtendaji alikuja mlangoni kwangu.

"Mama, una karatasi zozote za mahudhurio za kijiji hiki?"

"Nina za kokoto."

"Zina kichwa?"

"Hazina."

"Basi hizo."

Alisema kama mtu anayeomba chumvi. Ningependa kuandika hapa kwamba alinitisha. Hakunitisha. Hakunipa hata soda. Alisimama tu pale mlangoni anajipepea na faili, na mimi nikachukua kalamu nyeusi, nikaandika juu ya karatasi, kwa mwandiko wangu ule mzuri ulionipa kazi: "Mahudhurio ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia mgawanyo wa jimbo na kata." Nikaandika na muhtasari. Nilitunga nani aliuliza swali na nani alijibu. Nilitunga hata sala ya kufungua kikao. Mtendaji akasoma, akasema, "Una kipaji." Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilifurahi, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi, na Mayu akaniwekea michembe ya viazi na maziwa kwa sababu nilikuwa na mimba ya Mabula na alisema naonekana mchovu.

Nilijiambia wangekubali tu hata kama wangekaa. Nilijiambia mbunge atakuwa karibu. Mtu akishaanza kujiambia hivyo ana mengi ya kujiambia.

Jimbo likagawanywa. Tuliobaki Shambani tukawa jimbo la zamani. Boma letu likawa ng'ambo, jimbo jipya, kata mpya. Mfuko wa jimbo wa mbunge wetu hauwezi kuezeka jengo la jimbo la mwenzake, na mbunge wa pili alikuwa na mambo ya wapiga kura wake, ambao ni vijana wasio na wake na hawakuwa wameomba zahanati. Hakuna aliyefanya ubaya hapo, ukiwauliza. Kila mmoja alifuata mstari.

Mabula alizaliwa kwenye mvua, ndiyo maana ya jina lake. Pikipiki ilizama kwenye tope kabla hatujafika Runzewe. Mayu alinivuta hadi chini ya kibanda cha muuza mafuta ya pikipiki, akawafukuza wanaume, akakaa nyuma yangu akanishika kwapani. Nilimng'ata mkono. Yule muuza mafuta aligeukia ukutani akawa anahesabu chupa zake kwa sauti ili asisikie. Mtoto alipolia, Mayu akacheka, amelowa chapachapa, akasema, "Nyumba yetu ile ikiisha, mwingine hatazalia chini ya petroli."

Mimi nilijua. Barua ya kubadilisha matumizi ya lile boma nilikuwa nimeiandika mimi wiki mbili kabla. Kata mpya ilihitaji ofisi. Nikaomba maji.

Paa likapanda, na wanawake wa Shambani walikuja kulitazama wakapiga vigelegele. Wiki iliyofuata fundi akachora juu ya mlango: OFISI YA KATA. Mtendaji alihamishiwa kata mpya, na mimi nilibebwa pamoja na kabati. Meza yangu iliwekwa chumba cha mwisho upande wa kulia. Zaituni, ndiyo unayoikalia. Chumba hicho kina dirisha la juu na mfereji mdogo sakafuni, na bila shaka umeshajiuliza mfereji wa nini kwenye ofisi. Ni wa kuoshea. Ndicho chumba cha kujifungulia. Sakafu yake ina kokoto za dole la Mayu. Nimekaa humo karibu mwaka mzima, nikimnyonyesha Mabula wakati wa chakula cha mchana, nikipiga mistari ya mahudhurio.

Ndipo wakaja, wanawake wa Shambani, wakidai jengo lao. Walikaa kwenye chumba kilichokusudiwa kuwa cha wagonjwa kusubiri, ndicho tunachokiita ukumbi. Vijana wa Karashani walijaa madirishani kutazama. Mtendaji akawaacha wanawake waseme hadi wakachoka, kisha akatoa faili. "Mlikubali. Hizi hapa sahihi zenu." Mengine nimeshakwambia.

Niliposema "Mayu, hukusahau," Mtendaji alicheka kidogo. "Karani, kaa chini."

"Sikai. Mkutano huo haukuwepo. Karatasi hii ni ya kokoto. Kichwa nimekiandika mimi, baadaye, kwenye ofisi ya zamani, wewe umesimama mlangoni."

"Wananchi, karani amechoka. Ananyonyesha, mnajua mambo ya akina mama. Kikao kimeahirishwa."

Wanaume wakacheka. Baraka, katibu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo Mama Mabula kaona haya! Si ulikuwa nasi?" Dirishani mmoja akapiga mluzi: "Karani kageuka! Karani kageuka!"

Nilimtukana Baraka. Tusi silirudii hapa, lakini silijutii, ni katika machache nisiyoyajutia. Wanawake wenzangu, nilidhani watashangilia. Hawakunizomea, hawakunisifu. Waliinuka mmoja mmoja wakatoka, kila mmoja akanipita akiangalia viatu vyake, kama watu wanaopita karibu na kitu kilichooza njiani. Nilimfungua Mabula mgongoni, nikampakata, nikaacha kalamu pale. Sijaingia tena humo.

Mayu hakunisemesha siku tatu. Alinipa chakula, alimbeba mtoto. Asubuhi ya nne alikuwa amekaa uani anamenya viazi vya michembe. Nikachukua kisu nikakaa karibu naye.

"Ulisoma kwamba ni kweli," akasema bila kuinua macho. "Kisha ukasema si kweli. Mimi nishike lipi?"

Nikamweleza. Kokoto, kaunta buku, mlangoni, barua ya ofisi. Nikamwambia na kuhusu ile siku ya mvua, kwamba pale chini ya kibanda nilikuwa najua. Hilo sikuwa na lazima ya kulisema. Alimenya viazi viwili, polepole, ganda moja refu bila kukatika.

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau, Mayu."

"Siku zote hizi nilikuwa najipima. Nahesabu ndugu zangu kwa majina, waliokufa na wazima. Nahesabu ng'ombe wa baba kwa rangi zao. Nasema, zote zipo, hiki kikao kimekwenda wapi?" Akaweka kisu chini. "Ulinifanya niiogope akili yangu mwenyewe, mwanangu. Jengo ni jengo. Hili je?"

Nililia, akaniacha nilie. Hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Halafu akauliza, "Wewe si unajua kuandika?"

Niliandika barua siku hiyohiyo, uani, mbele ya wanawake sita aliowaita yeye. Nilimsomea. Akaniambia niifupishe, maneno ya hasira yote akayatoa, moja moja, kama anachambua mchele. "Hasira yako si ushahidi," alisema. Nilipomaliza kunakili, nikafungua kidau cha wino. Akanyoosha mkono, ukafika juu ya wino, ukasimama hapo.

"Kichwa umeandika?"

"Nimeandika, Mayu."

"Kisome."

Nikakisoma. "Tena." Nikakisoma tena. Wale wengine nao wakataka nisome, kila mmoja kabla ya zamu yake. Tulikaa hadi kuku wakaanza kuingia bandani.

Wilayani, dada wa masjala aliipitia mara mbili, akanigeuzia karatasi kwa kidole. "Dada, hapa umejiandika wewe mwenyewe kuwa mlalamikiwa wa kwanza. Na mlalamikaji ni wewe. Haijazoeleka."

"Najua. Gonga muhuri."

Akaniangalia, akamwangalia Mabula, akagonga IMEPOKELEWA. Majibu bado. Kama watakuja na pingu za kwangu, waje, karatasi niliichafua mimi. Nakala yako hii hapa, Zaituni. Usiiweke kwenye faili la kokoto.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ORODHA YA UONGO ILIYOTUMIKA KUGAWA KIJIJI CHETU KATIKA MAJIMBO MAWILI, NA KUHUSU JENGO LA ZAHANATI KUFANYWA OFISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mlalamikiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe, niliyekuwa karani wa kata. Mlalamikiwa wa pili ni Afisa Mtendaji aliyeagiza.

Mkutano Mkuu wa Kijiji uliotajwa kwenye muhtasari haukufanyika. Muhtasari niliutunga mimi, pamoja na maswali, majibu na sala.

Orodha iliyoambatanishwa ni ya wanawake waliokuja kugonga kokoto za zahanati. Kichwa chake kiliandikwa na mimi baadaye, kwa wino mweusi. Mistari na majina ni wino wa buluu. Pembeni mwa namba kumi na saba pameandikwa "kushoto" kwa mwandiko wangu, kwa kuwa siku hiyo dole la kulia la mhusika lilikuwa limepasuliwa na nyundo akijenga jengo hilohilo. Aulizwe yeyote aliyekuwepo.

Tunaomba orodha hiyo ifutwe, wananchi wa pande zote mbili waitwe wakae wasikilizwe, na jengo lirudishwe kwenye kazi waliyolijengea. Chumba cha mwisho upande wa kulia tayari kina mfereji.

Majina ya mashahidi yamo kwenye nakala ya ofisi. Wote wamesomewa barua hii kabla ya kuweka alama.

Sahihi ya mlalamikaji na mlalamikiwa wa kwanza: Mama Mabula.

Shahidi wa kwanza: namba kumi na saba katika orodha inayolalamikiwa. Dole gumba: la kulia. Limepona.